Mikia ya Kondoo wa Mahari

Usimsifu kondoo hujamwinua mkia.

Haya, chekeni. Chekeni mmalize, nami nitawangoja. Mayega, funga mdomo, nzi wataingia. Nimesema mkia, sikusema tusi. Mkia wa kondoo ni mkia wa kondoo, na mimi ni bibi yenu niliyewaogesha nyote mkiwa uchi, kwa hiyo msije kunifundisha haya uzeeni.

Tangu asubuhi mnamzunguka huyo dume mliyemleta kutoka mnadani. Huyu anasema, "Ona kifua!" Yule anasema, "Ona kichwa kilivyo cheusi tii!" Mwingine anaapa kwamba huyo akishawapanda kondoo wetu, mwakani hakuna mtu wa kutusogelea kijiji kizima. Hata kuku wangu mweupe ameacha vifaranga vyake akaja kushangaa pamoja nanyi. Mimi nimekaa hapa na ungo wangu wa karanga, nasikiliza sifa zinavyomwagika, mwishowe nikatia neno langu moja tu. Ndipo Chedego akaniuliza, "Bibi, hiyo nayo ni methali, au umeitunga sasa hivi?"

Sikuitunga mimi. Ilipotungwa sikuwa nimezaliwa, na siku ile mambo yangekwenda vingine, nisingezaliwa kabisa, na nyinyi msingekuwapo wa kunichekea. Sogeeni. Kila mmoja achote karanga amenye huku akisikiliza, maana masikio yenu yatakuwa na kazi lakini mikono itakaa bure. Chanzo cha maneno hayo ni hiki.

Zamani, kabla ya majosho na dawa za kunyunyiza, hapa Chihembe watu walifuga mbuzi. Kondoo hawakuwajua sana. Sasa mbuzi, kama mnavyomwona, ni mnyama asiye na siri. Mkia wake umesimama mchana kutwa, mvua inyeshe jua liwake, na yaliyo chini yake yako hadharani. Kupe wakimpanda mbuzi hupenda sikio. Huingia ndani kwenye mikunjo, kwenye joto, wakakaa humo wakinyonya kama wamepangishwa. Kwa hiyo mtoto wa Chihembe alijifunza kupindua sikio la mbuzi kabla hajajifunza kufunga nguo. Mgeni akifika kwa mtu, alimshika beberu wa mwenyeji, akampindua sikio, akachungulia, akasema, "Safi," ndipo akaulizwa habari za alikotoka. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu.

Ng'ambo ya korongo la mchanga waliishi wafuga kondoo. Kondoo wao walikuwa wadogo, wekundu, wa nywele fupi na mikia myembamba. Hawakuwa na umbo la kumfanya mtu asimame njiani, lakini walikuwa na baraka yao: kupe hawakuwapenda. Kupe akimpanda mmoja wao alihangaika kutafuta pa kujishikiza, asipaone, akaanguka. Watu wa ng'ambo walikaa na kondoo hao vizazi na vizazi bila kuhangaika na kupe, wakadhani hivyo ndivyo kondoo wote walivyo duniani.

Basi, hapa Chihembe kulikuwa na msichana anaitwa Sechelela, binti wa mzee Mgonela. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na shangazi yake Nyamwizi, dada wa Mgonela, mwanamke mwenye sauti ambayo akiita mtu hapa, kondoo wa ng'ambo waliinua vichwa. Sechelela ndiye aliyechunga mbuzi wa baba yake. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayowasimulia, kupe waliingia zizini mwao. Hakuna aliyejua waliingia na mnyama gani. Vitoto vya mbuzi vilipauka fizi, vikaacha kunyonya, vikalala visiamke. Sechelela alivizika kwa mikono yake, akikililia kila kimoja peke yake, akaapa kwamba hakuna mnyama mwenye kupe atakayevuka tena lango lile yeye akiwa hai.

Kijana wa ng'ambo aliitwa Ndahani, mwana wa mzee Mazoya. Hao wawili walikutana kwenye visima vya mchangani wakati wa kiangazi, Ndahani akiwanywesha kondoo wake, Sechelela akiwanywesha mbuzi. Ndahani aliwaacha mbuzi wanywe kwanza. Kesho yake akawaacha tena. Mwanzoni Sechelela alidhani kijana ana hofu na mbuzi, baadaye akaelewa.

Walizungumza pale kisimani siku nyingi, lakini mikono ya Sechelela haikutulia hata wakati wa maneno matamu. Alizungumza huku anapindua sikio la mbuzi huyu, anachomoa kupe, anamtia kwenye kibuyu cha majivu, anamvuta mbuzi mwingine. Ndahani alimpenda hivyo hivyo. Siku moja akamwambia, "Nitakuja na mahari safi sana. Siku hiyo mikono yako itakosa kazi." Sechelela alicheka mpaka mbuzi wakageuka kumtazama. Wakakubaliana, na mshenga akatumwa.

Sasa tatizo likaanzia kwa mzee Mazoya. Mazoya alikuwa mtu mwema, lakini alipenda kuonekana. Vijana wa Chihembe walikuwa na tabia ya kumtania wakikutana naye mnadani: "Mzee, hao wako ni kondoo au panya?" Yeye alicheka nao, lakini moyoni aliumia. Posa ilipokubaliwa akasema, hapana, sitapeleka panya kwa wakwe. Akawaswaga baadhi ya wekundu wake hadi mnada wa mbali, akawabadilisha kwa kondoo ambao huku kwetu hakuna aliyewahi kuwaona: miili mirefu, myeupe, vichwa vyeusi, na nyuma kila mmoja amebeba mkia mnene kama mto wa kulalia. Aliwarudisha kwa miguu kupitia kwenye vichaka na nyasi ndefu, njia nzima akisimama kuwatazama.

Ndahani aliwaosha mgongo, akawasugua kifua, akawapaka samli mpaka wakang'aa, akawavisha shanga shingoni. Kuwainua mikia hakukumjia akilini. Kungemjiaje? Kwao mkia wa kondoo ulikuwa kitu chembamba cha kupungia nzi, haukuwa na nafasi ya kuficha chochote.

Siku ya mahari ikafika. Na mahari ya Chihembe ilikuwa na taratibu zake. Wanyama walisimama nje ya lango la zizi. Shangazi wa bibi harusi alipita mbele yao, akampindua kila mmoja sikio, akampigia kigelegele na kumwimbia sifa. Bibi harusi alikaa ndani ya nyumba, haonekani, mpaka mnyama wa mwisho avuke lango. Na kulikuwa na mwiko mmoja ambao hata walevi waliuheshimu: mnyama wa mahari hageuzwi langoni. Ukimgeuza mmoja, umewageuza wote, na bwana harusi amegeuka pamoja nao.

Watu walijaa. Ngoma zilikuwa zimewambwa, pombe ilikuwa imeiva, mtama ulikuwa umemwagika uani kwa wingi wa pilikapilika. Kondoo walipotokea kwenye kilima, weupe, wanang'aa, shanga zikilia, watu walipiga kelele zilizosikika ng'ambo ya korongo. Waliokuwa wakisema panya wakakosa pa kuweka nyuso zao. Mzee Mazoya alitembea mbele amejitanda shuka jipya, fimbo begani, na tabasamu lake lilikuwa limefika kwanza kuliko yeye.

Shangazi Nyamwizi akaingia kazini. Akampindua wa kwanza sikio: safi kabisa. Akapiga kigelegele. Wa pili, safi. Kigelegele. Sauti ikazidi kupanda, mwili ukazidi kutikisika, akaanza kuimba:

"Njoni mwone, enyi wenye macho,
doa hawana, kasoro hawana,
kama yupo aonaye kasoro
na aje anioneshe mimi Nyamwizi!"

Wanawake wakaitikia. Kila sikio lilikuwa safi, na kila kondoo akapata kigelegele chake. Mzee Mgonela, baba wa bibi harusi, akaenda kushika mti wa lango ili aufungue.

Sechelela alikuwa ndani, anachungulia kwenye tundu la ukuta. Kwanza alimtazama Ndahani, na hapo simlaumu. Kisha akawatazama kondoo, akafurahi. Kisha akawaona kuku.

Kuku wa shangazi yake walikuwa wameuacha mtama. Mtama mwingi, mweupe, umemwagika uani bila mtu wa kuwafukuza, nao wameugeuzia mgongo. Walikuwa wote nyuma ya kondoo, wanatembea walikotembea kondoo, wanadonoa chini, wanagombana, wanadonoa tena. Kondoo mmoja akawa anapiga mguu chini. Mwingine akajisogeza kwenye nguzo ya lango, akaanza kujisugua nyuma, taratibu, macho ameyafumba.

Sechelela akaelewa, na furaha yote ikamtoka. Akikaa kimya, lango litafunguliwa, na kupe wataingia walimo vitoto vya mbuzi vya mwaka huu, vile alivyovikuza kwa shida. Akisema, kondoo watageuzwa langoni, na Ndahani atageuka nao, wala hatarudi tena. Aliusikia mti wa lango ukikwaruza. Baba yake alikuwa ameanza kuuvuta.

Akatoka mbio.

Watu walipomwona bibi harusi uani, jua likimpiga usoni, ngoma zilikatika. Sechelela akapita katikati yao, akamshika baba yake mkono juu ya mti wa lango, akasema, "Baba, ngoja."

Shangazi Nyamwizi akajishika kichwa. "Seche! Umepatwa na nini? Rudi ndani, mama, unatutia aibu!"

"Shangazi, watazame kuku wako."

"Kuku! Leo ni siku ya kutazama kuku?"

"Wameuacha mtama, Shangazi. Kuku gani anaacha mtama?"

Watu wote wakageuka kuwatazama kuku. Sechelela akapiga magoti nyuma ya yule kondoo aliyekuwa akijisugua, akaushika ule mkia mnene kwa mikono yote miwili, akauinua.

Lo! Walikuwa humo. Kupe walionona, wa kijivu, wamejaa kama mbegu za mbarika kwenye kichala chake, wakubwa kwa wadogo, wamebanana. Mmoja aliyeshiba alijiachia akaanguka, na kabla hajagusa vumbi vizuri kuku alikuwa amemmeza.

Mzee Mazoya alipata sauti kabla ya wengine. "Mgonela! Haya ndiyo mapokezi yenu? Nimewaletea kondoo ambao hapa hamjawaona hata ndotoni, na binti yako anawafunua nyuma mbele ya watu!"

"Mkwe wangu," mzee Mgonela akasema, "mimi... huyu mtoto..." Akaishia hapo, maana alikuwa ameviona vitu vile chini ya mkia, na alikumbuka mashimo waliyozikwa vitoto vya mbuzi mwaka jana.

"Tumetukanwa!" Mazoya akasema. "Ndahani! Geuza kondoo. Tunarudi."

Hapo kila mtu alitazama chini. Sechelela alibaki amepiga magoti, mkia wa kondoo mikononi, machozi yanamshuka, lakini hakuuachia.

Ndahani akaja. Hakuwageuza kondoo. Aliinama akatazama alipokuwa akitazama Sechelela, akamwendea kondoo wa pili, akainua mkia, akatazama, akamwendea wa tatu. Kisha akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, niwageuze niende nao wapi?"

"Nyumbani!"

"Niwachanganye na wekundu wetu waliobaki?"

Mzee Mazoya akaitazama ile mikia.

"Humu ndani hawawezi kuingia," Ndahani akasema, "wataua vitoto vya mbuzi. Kwetu nako hawawezi kurudi hivi walivyo, hakuna ajuaye kuchomoa kupe. Baba, kondoo hawa hawana kwao mpaka wasafishwe. Sijawageuza, na hawajakataliwa. Wamesimama tu langoni, na kusimama si mwiko."

Akajifunga shuka lake kiunoni, lile jipya la harusi, akapiga magoti mavumbini upande wa pili wa kondoo. Sechelela hakumtazama, maana alikuwa bado analia, lakini alisema kwa sauti ndogo, "Uliniambia mikono yangu itakosa kazi."

"Nimekuletea kazi ya mwaka mzima," Ndahani akajibu. "Nishike wapi?"

"Shika mkia. Uinue juu zaidi. Usimwumize."

Basi mwanamke mmoja wa nyuma akashindwa kujizuia, akacheka. Kicheko kile kikampata wa pembeni, kikapita kwa wapiga ngoma, na mara uwanja mzima ukawa unacheka, maana hakuna aliyewahi kuwaona maharusi wakikutana hivyo, uso kwa uso, katikati yao nyuma ya kondoo.

Kwa upande wa wenyeji, wa pekee ambaye hakucheka alikuwa Shangazi Nyamwizi. Alikuwa amesimama mikono imelegea, ameduwaa. Aliwasifu wote, mmoja mmoja, kwa sauti ile yake, akaapa kwamba kasoro hawana, akawaita watu waje wamwoneshe. Mzee Mgonela, ambaye tangu utoto wao hakuwahi kushinda maneno mbele ya dada yake, aliona nafasi imepatikana.

"Dada, mbona kimya? Vigelegele vimekwisha?"

Shangazi akamkazia macho. Kisha uso wake ukaanza kuvunjika, mashavu yakamcheza, na akasema kwa sauti ambayo waliokuwa kisimani waliisikia, "Niache, Mgonela! Leo nimemsifu kondoo sijamwinua mkia!"

Akaangua kicheko, akacheka mpaka akakaa chini. Walimnyanyua wanawake wawili. Alipopata pumzi akakunja nguo yake, akafoka, "Mnasimama kutazama nini? Leteni vibuyu vya majivu! Kila kondoo na watu wake! Wazee, toeni ugoro wenu, wote, msinifiche, tutawasugua nao chini ya mikia kupe wasirudi tena!"

Zikawa ngoma upande mmoja na kupe upande wa pili. Watu wa Chihembe, waliozaliwa na vidole vya kuchomoa kupe masikioni, wakawaonesha wageni namna ya kumshika kupe karibu na ngozi na kumvuta polepole ili kichwa kisibaki. Wageni nao, waliojua tabia za kondoo, wakawaonesha wenyeji namna ya kumtuliza, kwa kumkalisha mapajani kama mtu anayenyolewa. Mbuzi hakai hivyo, atakuvunja meno. Watoto wakawarushia kuku kupe waliovimba, na kuku wakawa wanakimbia huku na huku hawajui wamfuate nani.

Na mzee Mazoya? Alikuwa amejitenga, ameketi juu ya jiwe, ameupa mgongo uwanja wote. Hakuna aliyethubutu kumsogelea. Alikaa hivyo kwa heshima kubwa mpaka akaanza kujikuna. Alijikuna paja. Akajikuna tena. Akafunua shuka kidogo, akachungulia, akalifunika haraka. Alikuwa amesafiri na kondoo wale njia nzima, kwenye nyasi zile zile, na kupe hamjui mkwe wala bwana harusi.

Shangazi Nyamwizi, ambaye jicho lake halikupitwa na kitu, akamwendea. Akasimama mbele yake, akasema kwa adabu kabisa, "Mkwe, tuletee na huyo anayekuuma tumhudumie, au wewe tukuinue nini?"

Wanasema Mazoya alijaribu kukasirika. Alijaribu kweli, uso ukamkunjika. Lakini kicheko kilimtokea puani. Akacheka, akajipiga paja palepale alipoumwa, akaruka kwa maumivu, akacheka zaidi. Kisha akatia mkono ndani ya shuka akatoa pembe yake ya ugoro, ugoro mzuri aliouweka kwa ajili ya wazee wa harusi, akaenda nayo mpaka walipokuwa Ndahani na Sechelela mavumbini.

"Mkwe wangu," akamwambia Sechelela, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "chukua hii. Sugua sana. Nilitaka watu wawaone kondoo wangu, na wewe peke yako ndiye uliyewaona."

Walisuguliwa kondoo wote. Ugoro ukapeperuka, uwanja mzima ukapiga chafya, wazee kwa watoto, na wapiga ngoma wakapoteza mapigo yao. Kisha mzee Mgonela akauvuta mti wa lango. Kondoo wakaanza kuvuka, lakini safari hii kwa utaratibu mpya: Ndahani aliinua mkia wa kila mmoja, Shangazi akainama akachungulia, akajinyoosha, ndipo akapiga kigelegele. Mzee Mazoya alisimama pembeni akipaza sauti, "Tazama vizuri, Shangazi! Usituonee haya!" Na kwa kila kondoo watu waliitikia kwa vicheko, mpaka wa mwisho akavuka, na Sechelela akawa ameolewa, mikono imejaa majivu, hata hakukumbuka kurudi ndani akajifiche.

Jioni ile kuku walishindwa kuruka kwenda kulala. Ilibidi wabebwe.

Tangu siku hiyo desturi ya lango ikabadilika. Wakwe wakileta kondoo, huinuliwa mikia na wenye kondoo wenyewe, wakisema, "Tazameni," na hakuna anayeona ametukanwa. Wana wa kondoo wale wakachanganyika na wekundu wa ng'ambo, wakapatikana kondoo wenye mwili wa kutosha na mkia wa wastani. Na yale maneno ya Nyamwizi yakavuka korongo, yakaenda minadani, yakaenda kwa watu wasiofuga hata njiwa. Mtu akisifu nyumba kwa rangi ya ukuta, ataambiwa. Akisifu mchumba kwa viatu, ataambiwa.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa Sechelela na Ndahani. Mama alinisimulia haya mara nyingi, na kila alipofika pale pa kuku alishindwa kuendelea kwa kicheko, ikabidi baba amalizie. Aliniambia, "Watu wanadhani methali ile inasema uwe na shaka na vitu vizuri. Sivyo. Kondoo wale walikuwa wazuri. Ndiyo maana niliwainua mikia. Kitu usichokijali, unakisifu tu ukaenda zako."

Sasa nimemaliza, na karanga zimemenywa. Lakini kabla hamjaondoka nawauliza jambo moja. Huyo kuku wangu mweupe, mnadhani alikuja kushangaa pamoja nanyi kweli? Ana vifaranga wachanga, na maganda haya yamejaa punje hapa miguuni pangu. Tangu mmlete huyo dume hajamwacha hata hatua. Mtazameni alipo sasa. Anadonoa nini hapo nyuma?

Enhe.

Chedego, mkalishe mapajani. Mayega, wewe uliyecheka kuliko wote, inua. Inua juu zaidi, usimwumize. Haya basi, mmewaona wapangaji wenu. Mmoja akalete majivu, mwingine akimbie kwa bwana mifugo akaombe dawa, na huyo dume asiingie zizini mpaka nimtazame mimi mwenyewe. Ni dume mzuri, wala sijasema si mzuri. Kifua anacho, na kichwa chake nimekipenda. Tutamsifu jioni, na kigelegele nitapiga mimi, maana sauti ya Nyamwizi iliniangukia mimi.

Usimsifu kondoo hujamwinua mkia.